Waliofanya kazi vitani: kwa nini king'ora kikilia watu hawakimbilii handakini?

#1 Fundi Jenereta
Wakuu habari. Nilikuwa fundi wa jenereta Kandahar, Afghanistan, ndani ya ile kambi kubwa ya uwanja wa ndege, enzi imefurika watu. Kuna kitu kinanisumbua mpaka leo, na najua humu wamo waliopita Iraq, Somalia na kwingineko.

Ukifika tu unapewa somo. Ukisikia king'ora na ile sauti ya mama iliyorekodiwa, "shambulio la roketi, shambulio la roketi", unalala kifudifudi hapo hapo ulipo, dakika mbili. Zikiisha unanyanyuka unakwenda handakini, unakaa mpaka watangaze hali shwari. Mgeni wa wiki ya kwanza analala hata kwenye matope. Mpe muda kidogo. King'ora kinalia, jamaa yuko foleni ya kahawa pale kwenye ule mraba wa veranda za mbao wenye maduka, anatazama juu, anatazama foleni, anabaki wima. Akilala atapitwa. Kuna mmoja nilimwona kalala kweli, lakini mkono mmoja kaunyoosha juu umeshika kikombe kisimwagike.

Watu wamekwenda kutafuta maisha, halafu maisha yenyewe wanayachezea. Sababu ni nini hasa?

#2 Mzee wa Lindo
Mazoea. Funga uzi.

#3 Kipanga
Mleta uzi hii chai imezidi majani. Roketi inakuja, mtu anawaza kahawa? Na kahawa ya nani huko jangwani?

#4 Fundi Jenereta
@Kipanga kulikuwa na mgahawa wa Tim Hortons, wa Wakanada, tangu 2006 mpaka 2011 walipomaliza kazi yao kule. Kulikuwa na uwanja wa hoki pia, katikati ya mraba. Na kulikuwa na bwawa la majitaka ya kambi nzima, upepo ukigeuka kahawa yako unainywa na harufu yake. Muulize yeyote aliyepita pale, ataanza na bwawa kabla ya vita.

#5 Kipanga
Haya nimekaa. Endeleeni.

#6 Dada wa Wodi
Mimi nilikuwa upande wa zahanati, kambi nyingine, Afghanistan hiyo hiyo. Mzee wa Lindo #2 umekata mapema mno. Mazoea yapo, lakini tazama ratiba ya mtu: zamu ya saa 12, siku 7 kwa wiki, mkataba mzima. Wa zamu ya usiku analala mchana ndani ya kontena, nje kuna helikopta, ndani kuna wenzake sita wenye saa tofauti za kuamka. Anaziba masikio, wengine wanameza dawa ya usingizi. King'ora kikilia huyo si kwamba kadharau, hajasikia. Au kasikia, akapiga hesabu kwamba akitoka atapoteza saa nzima ya usingizi, na usingizi hauna wa kukulipa.

Na mahandaki yenyewe jamani. Zege la umbo la U lililofunikwa juu chini, pande mbili wazi, mifuko ya mchanga kushoto na kulia. Giza, vichungi vya sigara, panya, na kuna mtu kaona choo kiko mbali akamalizia humo. Kiangazi ukikaa ndani nusu saa unatoka umelowa.

#7 Nondo
Kuna suala la kiufundi mnaliruka. Roketi nyingi zilizopigwa Kandahar ni za milimita 107. Masafa yake ni kama kilomita 8. Jamaa anaiegemeza kwenye mawe au kwenye tuta, anafunga kitegesha muda, anaondoka zake. Inaporuka yeye yuko nyumbani anakula. Ikisharuka iko hewani kwa sekunde tu. Rada ikiinasa, ichakate, ndipo king'ora kilie, umebakiwa na nini? Mara nyingi mlipuko ulitangulia, king'ora kikafuata.

Kwa hiyo yule wa foleni ya kahawa si mjinga. Kajifunza kwamba akisikia king'ora na bado anapumua, limempita.

#8 Mzee wa Lindo
Nondo umeeleza vizuri halafu ukamalizia vibaya. Hawafyatui moja. Zinategeshwa mbili, tatu, tano, na hazitoki pamoja. Ile ya kwanza ndiyo inayokupa taarifa, ya pili ndiyo inayokuua umesimama unauliza imeangukia wapi. Dakika mbili za kulala chini ziliwekwa kwa sababu hiyo. Vipande vinaruka juu na pembeni, aliyelala anapitwa na vingi ambavyo aliyesimama anavipokea kifuani. Sikio la kufa halisikii dawa.

#9 Nondo
@Mzee wa Lindo sijasema yuko sahihi. Nimesema ana mantiki. Ni vitu viwili.

#10 Suka wa Kuwait
Nimesoma nikacheka kidogo. Foleni ya kahawa! Sisi madereva tulikuwa tunavuta mzigo kutoka Kuwait kuingia Iraq, chakula, maji, mafuta. Barabarani hakuna king'ora, kuna lori la mbele yako kupasuka. Ukifika kambini mnapangwa yadi ya nje, nje ya ukuta wa ndani. Bwalo la kulia hatukuruhusiwa kuingia, tulipika chini ya trela, jiko la gesi katikati ya matairi ili upepo usizime moto. King'ora kikilia, handaki la karibu liko ng'ambo ya geti, na geti hupiti bila msindikizaji mwenye beji. Msindikizaji mwenyewe keshakimbilia handakini.

Tuliingia chini ya lori. Ndiyo, lori lenye mafuta. Usiniulize.

Kwa hiyo kabla ya kuuliza kwa nini watu hawakimbii, uliza nani alijengewa pa kukimbilia.

#11 Dada wa Wodi
Pole kaka. Hilo la beji ni kweli tupu. Nyie wa nchi za tatu, yaani si Wamarekani na si wenyeji, mlikuwa na rangi yenu ya beji, na rangi iliamua mlango gani unafunguka.

#12 Jongoo Mwekundu
Suka #10, nyie si ndio wale wenzenu Wakenya walichinjwa Iraq 2005? Nakumbuka nilikuwa mdogo, redio ilikuwa haizungumzi kingine.

#13 Suka wa Kuwait
Hapana, na huu uongo naukuta kila mahali. Ilikuwa Julai 2004. Madereva saba walitekwa: Wakenya watatu, Wahindi watatu na Mmisri mmoja, wote waajiriwa wa kampuni ya Kuwait. Waliachiwa wazima tarehe 1 Septemba mwaka huo huo. Waliouawa ni vijana wa Nepal, 12, mwishoni mwa Agosti 2004, kundi lingine kabisa. Watu wanachanganya kwa sababu habari zilipishana kwa siku chache tu.

Serikali ya Kenya iliwaambia raia wake waondoke Iraq. Wengine tulisikia tangazo hilo tukiwa kwenye usukani.

#14 Jongoo Mwekundu
Asante kwa kuniweka sawa.

#15 Geti Namba Moja
Baghdad hapa, lile Eneo la Kijani, sehemu ya mji iliyozungushiwa ulinzi yenye ofisi za serikali na balozi. Nilikuwa mlinzi getini. Sisi tulikuwa na kitu ambacho mleta uzi wa Kandahar hakukitaja: ile bunduki ya kutungua roketi na mota hewani. Milimita 20, risasi 75 kwa sekunde moja. Usiku ikifunguka ni kama mtu anachana shuka kubwa juu ya paa lako, na anga linakuwa na mstari mwekundu. Walioletwa juzi wanajificha. Waliokaa wanatoka nje na simu kurekodi! Wanasema "mashine inafanya kazi".

Risasi zake zimetengenezwa zijilipue hewani zisianguke nzima mitaani, lakini vyuma vya ile roketi iliyotunguliwa vinakwenda wapi? Vinarudi chini. Mimi nasema watu waliacha kukimbia kwa sababu walikabidhi roho zao kwa mashine. Tangu vita inaanza 2003 mashine ile ipo, watu wakalala.

#16 Nondo
Marekebisho kidogo: ilipelekwa Iraq 2005, si 2003. Kabla ya hapo ilikuwa silaha ya melini, inalinda manowari dhidi ya makombora. Nchi kavu waliifunga juu ya trela.

Na hoja yako haielezi kambi zisizokuwa nayo. Balad kaskazini mwa Baghdad ilipigwa mota mpaka askari wakaibatiza Mortaritaville, yaani mji wa mota, na huko mashine haijafika watu walikuwa wameshaanza kuendelea na chakula chao.

#17 Geti Namba Moja
Sawa 2005. Lakini Balad nimewahi kupita, na pale nilichoogopa mimi ni ule moshi wa shimo la taka. Ekari kadhaa za taka zinaungua usiku na mchana, plastiki, betri, kila kitu. Roketi ilikuja mara moja moja, moshi ulikuwa wa kila siku na hakuna king'ora kilichowahi kulia kwa ajili yake.

#18 Mama Dobi
Nimesoma kimya, sasa niseme. Nilikuwa dobi. Mashine za kufulia mstari mzima, mifuko ya nguo yenye namba, joto la vikaushio. Mnasema mazoea, uchovu, mashine. Kwetu sababu ilikuwa msimamizi. Muda wa handakini haukuhesabiwa kazi, na mifuko ya siku hiyo lazima itoke siku hiyo. Mkikaa huko saa moja, mnamalizia usiku saa hiyo hiyo bila malipo. Baada ya hapo nani atakimbia? King'ora kikilia tulikuwa tunasogea nyuma ya mashine, tunakunja nguo tumechuchumaa.

Na wengi wetu tulikwenda kwa deni. Wakala alichukua pesa kabla ya safari, na mkataba ulipofika ulikuwa na mshahara mwingine kabisa. Unadaiwa nyumbani, pasipoti iko kwenye droo ya msimamizi. Mtu wa namna hiyo akirudishwa mapema kwa "utovu wa nidhamu" ndio kafa kweli. Roketi unaweza kuikosa, deni haikosei nyumba.

#19 Kipanga
Daah. Mama Dobi umenyamazisha uzi.

#20 Mpiga Debe Mstaafu
Lakini si walikataza hayo mambo ya wakala na pasipoti?

#21 Geti Namba Moja
Walikataza Septemba 2012, amri ya Rais Obama namba 13627: mkandarasi wa serikali ya Marekani haruhusiwi kumtoza mfanyakazi ada ya kuajiriwa wala kushika pasipoti yake. Tazama mwaka. Iraq wanajeshi walishaondoka Desemba 2011. Waliokwishalipa, walishalipa.

Mishahara nayo ilikuwa inashuka kila kandarasi ikishindaniwa upya. Walinzi kutoka Uganda walioanza 2005 walipata zaidi ya dola 1,000 kwa mwezi. Miaka michache baadaye waliokuja nyuma yao, geti lile lile, bunduki ile ile, walikuwa wanazungumzia 600. Mtu akiona bei yake inapungua hivyo naye anapunguza kujithamini. Hiyo ni nadharia yangu ya pili.

#22 Mpiga Debe Mstaafu
Nadharia zako zinazaana mkuu.

#23 Baharia wa Nchi Kavu
Mogadishu, kambi ya Halane kando ya uwanja wa ndege wa Aden Adde. Hapo mota ndiyo mgeni wetu. Mnazozania muda wa king'ora. Mara nyingine sisi tulikisikia wakati watu wameshaanza kuitana kwenye redio kuhesabiana, jina kwa jina.

Sababu ninayoijua mimi haijatajwa: watu wanasema siku yako ikifika imefika. Nimesikia kwa Waislamu, Wakristo na wasio na dini. Mtu kakaa kitandani viatu kavua, anakuambia "kama ni yangu itanifuata hata humo".

#24 Dada wa Wodi
Na mtu huyo huyo kitanda chake kakisogeza mbali na dirisha na kapanga maboksi ya maji ukutani. Nimewaona. Wanamwachia Mungu lakini fanicha wanapanga wenyewe 😂

#25 Baharia wa Nchi Kavu
😂 Umenikamata. Maboksi ya maji nilikuwa nayo.

#26 Mzee wa Lindo
Dirisha si mzaha. Agosti 19, 2003, hoteli ya Canal, Baghdad, makao ya Umoja wa Mataifa. Lori la mabomu. Walikufa 22, mkuu wa Umoja wa Mataifa kule Iraq, Sergio Vieira de Mello, akiwemo. Waliojeruhiwa wengi walikatwa na vioo, kwa sababu madirisha mengi hayakuwa na ile plastiki ya kuzuia kioo kisitawanyike. Ukipewa chumba popote palipo na vita, anza na kioo. Gusa pembeni, utahisi kama kuna utando. Hakuna, panga kitanda upya siku hiyo hiyo.

#27 Kasuku wa Kyiv
Niwaletee ya sasa. Mimi niko Ukraine, kazi za misaada. Huku king'ora kiko kwenye simu, programu inalia mfukoni. Hakuna anayeshangaa watu kubaki mgahawani, na sababu ni tofauti na zote hapo juu: king'ora kinalia kwa ajili ya nchi nzima. Ndege moja ya Kirusi aina ya MiG-31K ikiruka tu, kengele inalia kila mkoa, maana inaweza kubeba kombora la Kinzhal na hakuna anayejua litaelekea wapi. Ndege inazunguka, inatua, hakuna kitu. Ungeshuka chini kila mara usingefanya kazi kabisa.

Kwa hiyo watu wanafungua Telegram kwanza. Huko kuna chaneli zinazosema kinachokuja ni nini na kiko wapi. Droni za Shahed ziko mbali bado? Endelea na chai. Kombora la masafa limeelekea mji wako? Ndiyo wanashuka. Usiku wengi wanatumia kanuni ya kuta mbili: unalala ukumbini, kati yako na nje ziwepo kuta mbili, ya kwanza ipokee mlipuko, ya pili ipokee vipande. Godoro langu liko koridoni kati ya bafu na kabati la viatu. Nimezoea harufu ya viatu.

Ila Kharkiv ni habari nyingine. Mpaka wa Urusi uko karibu mno, kombora linaweza kutua king'ora hakijamaliza kupanda sauti. Huko Nondo #7 yuko sahihi kabisa.

#28 Nondo
Nakushukuru. Angalau Kharkiv wananielewa.

#29 Mzee wa Lindo
Kharkiv wanalala ukumbini, hawapangi foleni ya kahawa.

#30 Jongoo Mwekundu
Swali la asiyejua: hivi hayo mahandaki yanasaidia kweli au ni kututuliza?

#31 Nondo
Inategemea kinachokuja. Tarehe 8 Januari 2020 Iran ilipiga kambi ya Al Asad, Iraq, walimokuwa Wamarekani, kwa makombora ya balistiki. Hakufa hata mmoja. Ila walikuwa na tahadhari ya saa kadhaa mapema, wengi wakatawanywa au kuwekwa chini. Baadaye zaidi ya watu 100 walikutwa na jeraha la ubongo kutokana na mgandamizo wa mlipuko, wakiwemo waliokuwa wamejificha. Yale mahandaki ya zege yalijengwa kwa ajili ya roketi na mota, si kombora lenye kichwa cha mamia ya kilo.

#32 Dada wa Wodi
Na jeraha hilo halionekani. Mgonjwa anakuja anasema ana kizunguzungu, mwanga unamuumiza, amesahau namba ya siri aliyoitumia mwaka mzima. Ukimtazama mzima. Wafanyakazi wa kawaida ndio waliokuwa wabishi zaidi kuja kupimwa, waliogopa kuandikiwa hawafai kazi.

#33 Fundi Jenereta
Naona kila mtu ana sababu yake na zote zinaingia akilini. Mimi bado naamini aibu inahusika. Ukilala chini peke yako, wenzako wamesimama, unajiona kituko. Lakini akilala mmoja mwenye cheo, mraba mzima unalala. Nimeliona hilo.

#34 Suka wa Kuwait
Aibu? Kaka, chini ya lori hatukuwa na hadhira.

#35 Mpiga Debe Mstaafu
Hakuna aliyewazungumzia paka? Jirani yangu alikuwa kambi ya Bagram, Afghanistan, anadai paka wa pale walikuwa handakini kabla ya king'ora.

#36 Mama Dobi
Hiyo siyo chai. Tulikuwa na wetu nyuma ya vikaushio, kijivu, mkia umekatika ncha. Amri Kuu Namba 1 ya jeshi la Marekani ilikataza kufuga mnyama, sawa na ilivyokataza pombe, kwa hiyo kila ukaguzi alikuwa anaingia kwenye mfuko wa nguo wenye namba isiyokuwepo. Alisikia mapema kuliko sisi. Akiruka kutoka juu ya mashine na kuingia chini, na sisi tunachuchumaa. Yeye hakuwa na msimamizi.

#37 Kipanga
Namba ya mfuko tafadhali, kwa kumbukumbu za uzi.

#38 Mama Dobi
😂 Hiyo nakufa nayo.

#39 Baharia wa Nchi Kavu
Niulize jambo la maana kabla uzi haujageuka wa paka. Kuna mshkaji alifanya Iraq chini ya mkandarasi wa Marekani, sasa sikio moja halisikii. Kampuni inamwambia mkataba uliisha, hana chake. Ndiyo mwisho?

#40 Geti Namba Moja
Siyo mwisho. Kuna sheria ya Marekani ya tangu 1941, Defense Base Act. Inamlazimu mkandarasi kuwakatia bima wafanyakazi wa nje ya Marekani, wa uraia wowote: matibabu, sehemu ya mshahara uliopotea, na fidia kwa familia akifa. Mkataba kuisha hakufuti jeraha.

Muda ndio unaoua madai ya watu. Kwa ajali, unamjulisha mwajiri kwa maandishi ndani ya siku 30, na dai linafunguliwa ndani ya mwaka 1, kwenye Wizara ya Kazi ya Marekani. Kwa ugonjwa unaojitokeza taratibu ni miaka 2 tangu ujue unatokana na kazi.

#41 Dada wa Wodi
Kwa sikio, saa inaanza kuhesabu pale anapokabidhiwa kipimo cha usikivu pamoja na ripoti inayosema amepoteza usikivu. Kwa hiyo aende kupima kwanza, karatasi aihifadhi, na asitie sahihi chochote atakachotumiwa na kampuni kabla mwanasheria hajakisoma.

#42 Baharia wa Nchi Kavu
Asanteni sana. Anauliza, nakala ya mkataba hana, walimnyang'anya siku ya kuondoka. Itamkwamisha?

#43 Geti Namba Moja
Atafute chochote chenye jina lake na la kampuni: picha ya beji, hati ya malipo ya benki, tiketi ya ndege, ujumbe wa msimamizi kwenye simu ya zamani. Na majina ya wenzake watatu wanne wa zamu yake. Akikwama aje PM.